Siku Mama Alipoitwa Polisi kwa Ajili ya Karata

Mama yangu aliitwa polisi kwa mara ya kwanza maishani akiwa amepita miaka sabini. Ni mjane, mkulima wa viazi na vitunguu kule Kipese, na kwa muda mrefu alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu la Kiprotestanti. Kosa lake, kama lilivyoandikwa kwenye karatasi, lilikuwa kuendesha nyumba ya michezo ya bahati bila ruhusa. Nyumba yenyewe ilikuwa sebule yangu, hapa Butembo. Mchezo ulikuwa poka. Na dau lilikuwa maharagwe, yale makavu ya kupika, ambayo mama mwenyewe aliyabeba kutoka shambani kwake.

Nafundisha Kifaransa shule ya sekondari. Kazi yangu ni kumwuliza mwanafunzi: kanuni inasema nini? Naye ananijibu, vizuri au vibaya, lakini ananijibu. Katika jambo hili la karata nilizunguka karibu miezi mitatu nikiuliza swali lile lile, na kila mtu mzima niliyemkuta nyuma ya meza alinijibu jambo lingine. 

Mama alishuka kutoka Kipese kwa sababu ya goti. Daktari alimkataza kupanda milima kwa muda, na Kipese yote ni milima, kwa hiyo akaja kukaa kwangu. Wiki ya kwanza alipanga upya jiko langu lote hata nikawa sioni chumvi. Wiki ya pili alifuma sweta mbili. Wiki ya tatu akaanza kunisubiri mlangoni kila nikitoka kazini. "Wanafunzi bako balisema nini leo?" Hapo nikajua amechoka kukaa bure.

Mume wangu ndiye aliyeleta karata. Anauza vipuri vya pikipiki, na safari zake za kununua bidhaa Kampala zimemfundisha mambo mengi ambayo mimi nisingemchagulia. Jumapili moja, baada ya ibada na chakula, alifuta meza akasema, "Mama, kuya nikufundishe kitu."

Mama aliitazama pakiti. "Ile si ya shetani?"

"Ile ni hesabu tu, mama."

"Kama ni hesabu, leta."

Alielewa kwa Jumapili mbili. Kila mchezaji anapewa karata mbili anazozificha, nyingine zinawekwa katikati ya meza wote wazione, halafu kila mtu anaongeza dau au anaacha. Asiye na kitu anaweza kushinda, mradi awafanye wenzake waamini kwamba anacho. Na mama alikuwa ameuza viazi sokoni miaka arobaini. Alikuwa akitazama karata zake mara moja tu, anazilaza, anaendelea kuzungumza juu ya mvua ya Kipese, halafu katikati ya sentensi anasukuma maharagwe yake yote mbele na kusema, "Tapis." Neno hilo la Kifaransa alifundishwa na mume wangu. Maana yake: naweka vyote, nani ananifuata? Hakuna aliyemfuata. Akifunua karata zake, mara nyingi hana kitu kabisa.

Mtu wa nne mezani alikuwa jirani yetu, fundi cherehani aliyefiwa na mke, Mkatoliki mwenye maneno mengi na bahati ndogo. Mimi mwenyewe nilicheza vibaya, kwa sababu nikidanganywa nakasirika na nikikasirika naonekana. Mchezo ukiisha, maharagwe yote yanarudi kwenye ndoo yake jikoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba yetu ya michezo ya bahati.

Nyuma ya ua wetu anaishi shemasi wa parokia yetu, mzee mpole, mwenye sauti ya chini. Jumapili moja alikuja kumwuliza mama juu ya wimbo wa zamani ambao kwaya ilikuwa imeusahau. Mlango ulikuwa wazi. Alifika wakati ule ule mama amemlaza fundi kwa tapis ya uongo, na sote tunacheka, fundi amejishika kichwa.

Shemasi alisimama kizingitini. "Mama, hata weye?"

"Kuya uikale, shemasi. Bado tuko na fasi ya mutu moya."

"Siku ya Bwana?" akasema. Hakungoja jibu. Aligeuka akaenda, na wimbo wake hakuuliza.

Jumanne yake polisi mmoja alifika na ile karatasi ya mwito. Alikuwa mtu wa adabu, alivua kofia kabla ya kuingia. Aliandika vitu anavyovichukua kama ushahidi: karata, pakiti moja, maharagwe, bakuli moja. Mama alimwuliza bakuli litarudi lini.

"Sasa iko mukononi ya État, ya serikali, mama."

"État iko na bakuli yake?"

Alifunika maharagwe kwa gazeti yasimwagike, akaondoka na bakuli langu.

Kesho yake nilianza kuzunguka. Afande aliyetia sahihi ule mwito alikuwa amesafiri kikazi, hakuna aliyejua atarudi lini, nami sikutaka mama aingie mle ndani bila kujua kosa lake. Nilianzia kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Ana biro, ofisi ndogo yenye dirisha linalotazama barabara.

"Madame, poker ni jeu de hasard," alisema. "Michezo ya bahati iko interdit, inakatazwa. Point."

Nilinyoosha kidole dirishani. Upande wa pili wa barabara kuna duka la pari, la kuwekea dau mechi za mpira, lenye skrini tatu na wanaume waliopanga mstari tangu asubuhi. "Na ile?"

"Ile iko na document."

"Donc haikatazwi."

"Iko interdit, mais bale beko na document."

"Nami document nitakamata wapi?"

"Uende mairie. Mi hapana jua."

Kule mairie, ofisi ya meya, nilimkuta kijana mmoja mwenye tai, akafurahi kunipa fomu, akaijaza mwenyewe ili kunisaidia. Jina la établissement? Nikamwambia halina jina, ni kwangu. Meza ngapi? Moja, ile tunayolia fufu, ugali wetu. Akaandika moja. Mashine? Hakuna. Saa za kufungua? Baada ya ibada. Hapo aliinua kalamu.

"Madame, hii formulaire ni ya salle de jeux, ya ukumbi wa michezo. Ya nyumbani haiko."

"Maana yake nyumbani haihitaji ruhusa?"

"Hapana. Maana yake formulaire haiko."

Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Alirudia, neno kwa neno, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. Halafu akanielekeza biro nyingine, ya mambo ya kodi, na kule nikamkuta mama mmoja mnene aliyekuwa akila karanga. Aliuliza faida yetu ni nini. Nikasema maharagwe.

"Maharagwe iko na bei sokoni," alisema akiacha kutafuna.

"Tunayarudisha kwenye ndoo."

Alifikiri. "Kama hapana faida, hapana taxe. Kama hapana taxe, siwezi kukuandika."

"Basi tumeruhusiwa?"

"Mi sikusema vile. Kwetu hapa mweye hamuko. C'est tout."

Nilitoka nje nikasimama juani na begi langu la madaftari, nikijaribu kuelewa jinsi watu ambao hawapo wanavyoweza kuitwa polisi. Na kama hayo hayakutosha, habari ilikuwa imefika shuleni. Nilikuta ubaoni, kwa mwandiko mzuri, "Madame Tapis". Sikufuta. Nilifundisha somo zima la vitenzi pembeni mwa jina hilo, na hakuna aliyethubutu kucheka. Lakini mkuu wa shule aliniita baada ya kengele, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya mtu wa msibani kama ni kweli nimefungua kasino.

Ndugu yangu mdogo anaishi Beni, katika komine ya Ruwenzori, na ni mtu wa kutatua kila kitu kwa simu. Alikuja kumtazama mama, akasikia kisa chote, akacheka sana, jambo lililoniudhi.

"Yaya, dada yangu, mbona unajitesa? Mama acheze kwa téléphone. Kule hakuna polisi."

"Na kule inaruhusiwa?"

"Ile iko kwa internet. Internet haina kartie."

Nilimwuliza mwenzangu anayefundisha elimu ya uraia. Akasema kwa simu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kampuni lazima iwe na kibali cha nchi, na mara nyingi haijulikani kampuni iko wapi. Je, anayecheza tu, kwa dau la bure lisilo na thamani, naye ana kosa? Alitazama juu, akatazama chini, akasema swali langu ni zuri. Nawapa wanafunzi wangu jibu hilo hilo ninapokuwa sijui.

Ndugu yangu aliweka programu ya poka kwenye simu ya mama bila kuningoja. Ikauliza nchi. Akateremsha orodha kwa kidole, akaipandisha, akaiteremsha tena. Nchi yetu haikuwemo.

"Sisi hatuko?" mama akauliza.

"Haina shida, mama. Naweka Uganda."

"Mi niwe Muganda juu ya karata?" Mama, aliyekuwa akitudanganya sote kila Jumapili bila kupepesa jicho, alikasirika kweli kweli. "Hapana. Toa."

Akatafuta nyingine, iliyotukubali. Mama alivaa miwani akacheza kama saa moja, simu ameishika mbali na uso kama kioo. Alishinda mara mbili. Halafu akamwuliza mwanawe, "Huyu mutu niko nacheza naye, iko wapi?"

"Pengine Brésil. Pengine ni machine tu."

"Naye ananiona?"

"Hapana, mama."

"Basi niko nadanganya nani?" Akazima simu, akaenda kuchambua mboga.

Kabla ya kuondoka, ndugu yangu alinipa jambo moja la maana. Karibu na kwake Beni kuna mzee aliyekuwa karani wa mahakama, sasa amestaafu, na vitabu vyake vya sheria bado anavyo katika sanduku la chuma. "Uende kwa ule mzee," aliniambia. "Yeye anasoma. Bengine banasikia tu."

Nilingoja likizo ya Pasaka. Nilitaka kwenda peke yangu. Mama alikataa. Alisema aliyeitwa ni yeye, goti ni lake, na njia haina milima kama ya Kipese. Kwa hiyo tulikodi gari la rafiki ya mume wangu, tukaondoka asubuhi, kwa sababu njia ya Beni si salama, mtu anaiendea asubuhi na kurudi mapema. Vizuizi vilikuwa vingi. Kwenye kimoja, tulipofika Kalunguta, askari aliinama dirishani akauliza kwa Kilingala, "Bozokende wapi?"

Ningejibu tunaenda kusalimia ndugu. Mama akanitangulia. "Tuko naenda Beni kuuliza kama karata ni kosa."

Askari alimtazama kwanza yeye, halafu mimi. Kisha akaonyesha kwa kidole kibanda chao. Juu ya kreti ya bia iliyogeuzwa kulikuwa na karata zimetawanyika, na mwenzake mmoja alikuwa bado ameshika zake, anamsubiri.

"Siye tuko nacheza kila siku, mama," alisema. "Jua ni kali, tufanye nini?"

Mama alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepanga foleni katika biro tatu, nimegeuzwa jina na wanafunzi, nimekodi gari, na huyu hapa, mwenye bunduki, amewekwa kulinda sheria, alikuwa amesimamisha gari letu katikati ya mchezo wake.

Mzee wa vitabu alitupokea barazani. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alisikiliza kisa chetu bila kukatiza, jambo ambalo hakuna mtu wa biro aliyekuwa amelifanya, halafu akaingia ndani akatoka na kitabu kilichokuwa kimefunikwa kwa kitambaa. Alisoma kwa Kifaransa, taratibu, nami nikamtafsiria mama. Nikikosea neno, ananisahihisha. Mimi, mwalimu!

Kwa jinsi alivyoelewa yeye, sheria ya zamani inamtafuta mtu anayefungua nyumba kwa watu wote, anayepokea yeyote anayepita, na kuendesha michezo hiyo ili yeye mwenyewe apate faida. Majirani wanaozunguka meza ya chakula sio hao. "Hata kama nyumba ni ya mwalimu," aliongeza, akinitazama juu ya miwani.

"Na kwa simu?" nikauliza.

Alifunga kitabu. "Wakati balikuwa naandika hii, téléphone ilikuwa ya waya. Mwenye kampuni lazima akamate ruhusa, ile ni wazi. Mutu mwenye iko nacheza kwake, kwa kiti yake? Kitabu inanyamaza. Na kitabu ikinyamaza, batu banasema kwa fasi yake. Tena siku hizi wanajeshi ndio banatawala huku, kesi nyingi ziko mukononi mwao. Mi najua maandishi tu."

Nilihisi mzigo ukinishuka. Nikatoa karatasi na kalamu niliyoibeba kwa kazi hiyo, nikamwomba aandike hayo ya nyumbani, mistari mitatu tu, na sahihi yake.

Alisukuma kalamu kwangu kwa kidole kimoja. "Madame, mi ni retraité. Na hata ningekuwa kazini, hakuna mutu anaandika karatasi ya kusema kitu haikatazwi. Tungeanza vile, batu bangeomba karatasi ya kutembea. Karatasi ya kulala."

"Lakini balimwandikia karatasi ya kusema ni kosa!"

"Ndiyo. Ile inaandikwa."

Mama aliinuka polepole, akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Wasingya, tata," alimshukuru kwa Kinande chetu. Halafu akanigeukia. "Twende. Nitabasemea mi mwenyewe."

Ilipita wiki nyingine mbili kabla ya afande kurudi. Siku yenyewe mama alivaa kitenge chake cha kanisani na ile sweta mpya. Mimi nilikuwa nimeandika nyumbani hoja zangu kwa Kifaransa, kurasa mbili. Afande alikuwa mtu wa makamo, amechoka, meza yake imejaa. Aliisoma karatasi ya mwito kama vile ameandikiwa yeye.

"Mama, weye ni mwenye nyumba?"

"Nyumba ni ya mutoto wangu. Mi niko mugeni, juu ya goti."

"Mulango ilikuwa wazi kwa batu bote?"

"Ilikuwa wazi juu ya joto. Mutu moya aliingia. Tulimwambia aikale, akakatala."

"Na nani anakamata sehemu ya nyumba, ile faida?"

"Nyumba haina mukono, afande."

Alijaribu kutocheka. "Nani alikuwa nashinda?"

"Mimi."

"Kila mara?"

Mama alifikiri, kwa sababu hasemi uongo nje ya meza. "Karibu kila mara."

Afande aliita vitu viletwe. Bakuli lilikuja, na gazeti juu yake. Maharagwe yalikuwa yametobolewa na fukusi, yote, unga mweupe umejaa chini. Karata zilikuja zimefungwa kwa mpira. Nilizihesabu pale pale mbele yake, kwa ukaidi tu, na zilikuwa hamsini na moja. Nikamwambia moja haipo. Akasema naweza kuandika plainte, yaani mashitaka. Nikasema sitaki plainte, nataka karatasi inayosema kesi imekwisha.

"Ya nini? Dossier haiko. Faili haiko."

"Kulikuwa na convocation, ile karatasi ya mwito."

"Ndiyo, convocation ilikuwa. Mais dossier haiko."

Kurasa zangu mbili zilikuwa bado mkobani. Mama alinivuta kwa kiwiko. Tulipokuwa tukitoka, afande aliuliza nyuma yetu, kwa sauti nyingine kabisa, kama tapis ni lazima usukume vyote au unaweza kubakiza kidogo. Mama akamwambia, vyote.

Hasira yangu sasa ilikuwa imebaki na mtu mmoja, yule aliyetushitaki. Jumamosi hiyo mama alisema anakwenda kumsalimia shemasi, nami nikamfuata nikiwa nimejipanga. Mke wake alituletea chai na mkate, akakaa nasi, mikono mapajani. Mama aliuliza habari za nyumba. Nikamkatiza. Nilimwambia shemasi kila kitu: biro zote, fomu isiyokuwepo, ubao wa darasani, safari ya Beni na goti la mama. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia uso kwa uso kwamba Jumapili inamuumiza.

Mke wake ndiye aliyeanza, "Si Jumapili tu," halafu akamtazama mumewe.

Kijana wao wa kwanza, mtu mzima, mwenye diploma ya ualimu, alikuwa ameingia katika pari. Mwanzo kwa simu, halafu pale barabarani, kutoka asubuhi mpaka wanapofunga. Aliacha kazi ya shule. Aliuza pikipiki. Siku moja hakurudi, na mara ya mwisho alipopiga simu alisema yuko Bunia, halafu namba ikafa. Sikuwa nikilijua hilo. Tunaishi nyua mbili zinazogusana, tunaimba kitabu kimoja cha nyimbo, na sikulijua.

"Nilienda pale barabarani kubaomba bafunge," shemasi alisema. "Balinionyesha document kwa ukuta. Iko na cachet, iko na signature. Nilienda kwa shefu. Akasema beko en règle, banafuata sheria. Nitashitaki nani? Siku nilipita kwenu, niliona mama na zile karata, na mweye muko nacheka... Kwenu hakukuwa na document. Niliona kwenu naweza kushitaki."

 Nilikuwa bado na hasira, naweza kusema ilikuwa imezidi, lakini sikujua tena niitue wapi. Mama aliweka kikombe chini. Aliuliza jina la kijana, maana alikuwa hamfahamu, halafu akasema tuombe. Aliomba kwa muda mrefu, akimtaja kwa jina kila mara, na mke wa shemasi akalia bila sauti.

Jumatatu, nikitoka shule, niliingia kwenye lile duka la barabarani. Nilitaka kuisoma hiyo document kwa macho yangu. Ilikuwa kwenye fremu, juu ya kichwa cha dada anayepokea dau. Nilivaa miwani nikasoma mstari kwa mstari kama ninavyosahihisha insha. Kilikuwa Kifaransa kizuri, lazima nikubali. Lakini muhuri mkubwa wa buluu ulikuwa umepigwa juu ya mstari ule ule unaosema ni nini hasa kimeruhusiwa, na wino umemeza maneno yote.

"Hapa iliandikwa nini?" nikamwuliza dada.

Aligeuka, akaitazama fremu kama anaiona leo. "Hapana jua, madame. Hakuna mutu aliuliza bado." Halafu, kwa sababu mstari ulikuwa mrefu nyuma yangu, "Uko nacheza ao hapana?"

Mama alirudi Kipese wakati wa kupanda viazi, goti likiwa limepona vya kutosha. Mume wangu alinunua pakiti nyingine Kampala. Sasa tunacheza Jumamosi mchana, kwa heshima ya shemasi, mimi, mume wangu, fundi cherehani na dada yake fundi aliyehamia kwake kutoka Lubero. Na tangu mume wangu asikie maneno ya yule mzee wa Beni, kwamba kosa ni kufungulia watu wote, anafunga mlango kwa komeo na kushusha mapazia. Nimemwambia mara ngapi kwamba sasa ndiyo tunafanana na wahalifu! Anasema bora kufanana kuliko kuitwa. Tunakaa humo ndani kwenye joto, tukinong'ona, watu wanne wazima wenye kazi zao na makanisa yao, na fundi anayetaka kucheka anaziba mdomo kwa kitambaa.

Jumamosi iliyopita mlango uligongwa. Mume wangu alisukuma karata chini ya kitambaa cha meza, dada wa fundi akafungua Biblia yangu mahali popote, na mimi nikaenda kufungua. Alikuwa mwanamke anayepitisha maparachichi ya kuuza, beseni kichwani. Alitazama ndani, akaona jinsi tulivyokaa kimya, akasema pole sana, hakujua kwamba tuna msiba.

Nilinunua beseni zima.